Umeme Ukirudi, Balbu Tisa Zinawaka Zenyewe: Uzoefu Wangu na Home Assistant

Naandika hili nikiwa bado na hasira, kwa hiyo anayetaka sifa za balbu, wati zake na rangi zake, azisome kwenye boksi. Mimi nina jambo moja tu, kuhusu balbu janja ninazoziendesha kwa Home Assistant, programu ya kompyuta inayosimamia vifaa vya nyumbani. Umeme ulikatika jioni, mwezi uliopita hivi, ukarudi kama saa nane usiku, na balbu tisa za nyumba nzima zikawaka kwa mpigo, mwanga asilimia 100, chumba cha mtoto kikiwemo. Zote zilikuwa zimezimwa kabla umeme haujakatika. Siku chache baadaye yakatokea yale yale.

Duka lililoniuzia liko Kariakoo, jina nalihifadhi. Jibu la muuzaji: “Mkuu, umeme ukirudi taa si inawaka? Ulitaka ifanye nini?” Nilipomweleza kwamba taa ilikuwa imezimwa, akasema, “Basi zima swichi ya ukutani ulale,” akageukia mteja mwingine. Ushauri huo ndio unaoniuma kuliko hata balbu zenyewe, kwa sababu unaua mfumo mzima, na mtu anayeuza vifaa vya Zigbee, yaani vinavyowasiliana kwa redio bila waya, anapaswa kulijua hilo.

Balbu ya Zigbee haitoi mwanga tu, inapokezana pia ujumbe na wenzake. Rimoti ya chumbani huenda inapitia balbu ya korido ili ifike kwenye kipokezi kilichochomekwa kwenye kompyuta. Zima korido kwa swichi ya ukutani, na rimoti ya chumbani inakuwa bubu. Unabonyeza, hakuna kitu, na mtu wa nyumbani anasema programu ni mbovu. Programu haina kosa hapo. Njia imekatwa.

Dawa halisi ipo, tena ni rahisi kama balbu inaikubali. Ndani ya Zigbee2MQTT, programu inayounganisha vifaa vya Zigbee na Home Assistant, fungua ukurasa wa balbu husika, tafuta mpangilio ulioandikwa “power-on behavior”. Anayetumia ZHA, njia nyingine ya kuviunganisha, atauona kwa jina la “start-up behavior”. Chaguo la “previous” linairudisha balbu kwenye hali iliyokuwa nayo kabla umeme haujakatika. “Off” inaiacha imezimwa kwa vyovyote. Mtu asikimbilie “off” nyumba nzima: ukishaichagua, kuzima na kuwasha swichi ya ukutani hakuwashi taa tena, na mgeni asiye na rimoti atabaki gizani. Vyumbani weka “off”, korido na ngazi weka “previous”, na bafuni iache iwake.

Sasa balbu zangu. Sita kati ya tisa zilipokea mpangilio. Tatu zilirudisha kosa la UNSUPPORTED_ATTRIBUTE, maana yake kiwanda hakikuweka kabisa sifa hiyo, ile yenye namba 0x4003 katika kundi la kuwasha na kuzima. Huwezi kuiongeza kwa maneno mazuri. Sura ya boksi ni ile ile, bei ni ile ile, ndani ni vitu viwili tofauti. Kabla ya kununua balbu kumi, nunua moja, iunganishe, jaribu mpangilio huu, kisha chomoa umeme uone. Dakika tano zinatosha.

Kwa zile tatu niliamua kutumia otomesheni: umeme ukirudi usiku, programu izizime. Hapa ndipo wengi wanaoanza hukwama, na nilikuwa tayari kuilaumu Home Assistant mpaka nilipoelewa sababu. Otomesheni inayosubiri balbu itoke hali ya kutopatikana na kuingia hali ya kuwaka haifanyi kazi umeme ukikatika kwa muda mfupi. ZHA husubiri muda wa saa mbili kabla ya kuihesabu balbu kuwa haipatikani. Zigbee2MQTT, ukiwa umewasha kipengele cha kufuatilia upatikanaji, husubiri dakika 10 kwa vifaa vinavyotumia umeme wa ukutani. Umeme ukikatika dakika nne, programu haijui kama kuna kilichotokea. Na kama kompyuta yako iko kwenye UPS, yaani betri ya akiba, hata kile kichocheo cha “Home Assistant imeanza” hakitakuja, maana haikuzimika.

Kinachofanya kazi ni kumsikiliza shahidi aliyeona umeme ukikatika. UPS yenye tundu la USB la mawasiliano inaunganishwa kupitia NUT, programu ya kusoma hali ya UPS, na hali yake inasomeka OB inapotumia betri na OL inapopata umeme. Weka kichocheo: hali inapotoka OB kwenda OL. Sharti: kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, ambayo kwenye programu utaiandika 22:00 hadi 06:00. Kisha subiri sekunde 60, zima balbu tatu, subiri sekunde 60 nyingine, zima tena. Amri ya pili si ya kupuuza. Balbu zikitoka gizani huchukua muda kupangana upya, na amri ya kwanza inaweza kupotelea njiani. Lakini sekunde hizo 60 mtoto ameshaamka, kwa hiyo nasema wazi kwamba hiki ni kiraka.

VijiUPS vya rauta vinavyouzwa kila kona havina mawasiliano hayo. Tena vingi tundu lake la USB halifikii ampea 3 ambazo Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ambayo wengi huwekea Home Assistant, inazihitaji, na Pi ikikosa umeme wa kutosha inaanza kujizima ovyo. Hapo ndipo memori kadi inapokufa, kwa sababu Home Assistant inaandika kumbukumbu muda wote, na kukatiwa umeme katikati ya kuandika kunaharibu faili. Weka mfumo kwenye diski ya SSD tangu siku ya kwanza, washa nakala rudufu za kila siku, na ule ufunguo wa kufungulia nakala uhifadhi nje ya mashine hiyo hiyo.

Jambo jingine la mwanzo: kipokezi cha Zigbee usikichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB 3, lile la buluu. Tundu hilo likifanya kazi linatoa kelele ya redio kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Tumia kebo ya nyongeza ya mita moja na tundu la USB 2. Rauta ikiwa kwenye chaneli 1 ya Wi-Fi, iweke Zigbee kwenye 20 au 25. Amua hili kabla ya kuunganisha vifaa, maana ukibadili chaneli baadaye, vingine vitakulazimu uviunganishe upya.

Rimoti, hapo nina furaha ya kweli. Rimoti ya Zigbee ya kubandika ukutani inaweza kufungwa moja kwa moja na kundi la balbu. Tengeneza kundi kwanza, ingia sehemu ya “bind” kwenye ukurasa wa rimoti, bonyeza kitufe chake ili iamke, halafu tuma amri papo hapo. Ukichelewa, inalala na ufungaji unashindikana. Ikikubali, Home Assistant hata ikizimwa kabisa, taa zinawaka na kuzimika. Kwa kiyoyozi mambo ni tofauti. Rimoti yake haisemi “ongeza nyuzi moja”, inatuma hali nzima kila unapobonyeza, nyuzi, mwendo wa feni na hali ya kupoza kwa pamoja. Kwa hiyo kifaa cha infraredi ukifundishe amri nzima nzima: nyuzi 24, nyuzi 26, na kuzima. Tatu hizo zinatosha.

Nilikuja kuandika kwamba msinunue. Siwezi kuandika hivyo. Home Assistant ni ya bure, inafanya kazi intaneti ikiwa haipo, na ndiyo iliyonionyesha kosa kwa jina lake wakati muuzaji alinigeuzia mgongo. Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu mpangilio unaoamua kama nyumba italala umefichwa ndani ya ukurasa wa kila balbu, wakati ulipaswa kuulizwa mara tu balbu inapounganishwa. Balbu zile tatu hazipati hata nyota moja. Mbili nimezihamishia stoo na jikoni. Ya tatu, ya chumba cha mtoto, nimeitoa, na pale sasa kuna balbu ya kawaida na swichi yake ya ukutani.