Wakili wa serikali akiwa hana pa kukimbilia: tathmini ya matangazo mubashara ya mahakama za juu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia vikao vya mahakama za juu za nchi mbalimbali vinavyorushwa mubashara, na ninavitathmini hapa kama huduma nyingine yoyote ya umma: vinampa mtumiaji nini, vinamnyima nini, na warekebishe wapi. Kwa anayependa kujadili sheria na uwajibikaji wa watawala, sijaona huduma ya bure inayoishinda hii, na sababu yangu ni moja. Bungeni, waziri akiulizwa swali asilolipenda anaweza kujibu jingine, na mbele ya waandishi wa habari anaweza kuinuka akaondoka. Mbele ya jopo la majaji, wakili wa serikali hubaki pale pale, swali likarudiwa mara ya pili na ya tatu, na akishindwa kulijibu kila mtu anaona.

Anayeanza nampendekezea kesi iliyosikilizwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza tarehe 17 hadi 19 Septemba 2019, kuhusu Waziri Mkuu Boris Johnson kumshauri Malkia asitishe vikao vya Bunge kwa wiki tano. Mahakama hiyo ina kamera tangu ilipofunguliwa mwaka 2009. Suala la kwanza mbele ya majaji 11 halikuwa kama uamuzi ule ulikuwa mzuri au mbaya, bali kama mahakama inaweza kuugusa kabisa, maana serikali ilishikilia kwamba jambo hilo ni la kisiasa na halina mizani ya kisheria ya kulipimia. Ukizitazama siku zote tatu unaona jambo ambalo taarifa fupi za habari hupita juu juu: hakuna waziri wala ofisa aliyeapa na kueleza kwa nini Bunge lisimamishwe kwa muda mrefu kiasi hicho. Kumbukumbu za ndani za ofisi zililetwa, lakini hati ya kiapo haikuwepo, na kadiri mawakili walivyozungumza ndivyo pengo lile lilivyozidi kuonekana. Tarehe 24 Septemba Jaji Brenda Hale, Rais wa Mahakama, alisoma muhtasari wa uamuzi wa majaji wote kwa kauli moja: haikuwekwa mbele yao sababu yoyote, sembuse sababu nzuri, na amri ile ilikuwa batili, kana kwamba waliotumwa kuitekeleza waliingia bungeni na karatasi tupu. Sehemu hiyo ya karatasi tupu nimeirudia mara nyingi, kwa kuwa sijawahi kusikia ubatili wa amri ya serikali ukielezwa kwa wepesi wa namna hiyo bila kupoteza uzito wake wa kisheria.

Mahakama ya Juu ya Marekani inatoa huduma pungufu. Kamera hairuhusiwi, na hata sauti ya moja kwa moja ilianza Mei 2020 tu, wakati wa korona, vikao vilipofanyika kwa simu. Hata hivyo, tarehe 25 Aprili 2024, ilipojadiliwa kinga ya rais aliyetoka madarakani dhidi ya mashtaka ya jinai, sauti peke yake ilinitosha. Jaji Sonia Sotomayor alimuuliza wakili wa Donald Trump: rais akiamua kwamba mpinzani wake ni mla rushwa, akaamuru jeshi limuue, je, hicho ni kitendo cha kiofisi kinacholindwa na kinga? Wakili akajibu kwamba itategemea mazingira ya mfano wenyewe, lakini kingeweza kabisa kuwa kitendo cha kiofisi. Katika ubishi wa kawaida mtu angelalamika kwamba swali limepitiliza. Mahakamani swali la aina hiyo ndilo kipimo, kwa sababu anayedai kanuni lazima aubebe na mfano wake mbaya kuliko yote. Tarehe 1 Julai majaji 6 dhidi ya 3 walimpa rais kinga pana, na Sotomayor aliurejea mfano ule ule katika maoni yake ya kupinga.

Kasoro kubwa ya huduma hii ni nyaraka. Kesi ya uchaguzi wa rais wa Kenya ya mwaka 2017 ilionyeshwa moja kwa moja kwenye runinga, na mawakili walishindana siku nzima kuhusu fomu 34A na 34B, yaani fomu za matokeo ya kila kituo cha kura na ya kila jimbo, na kuhusu seva ambazo tume ya uchaguzi iliamriwa izifungue. Mtazamaji asiye na fomu hizo mkononi alibaki kupima ufasaha wa mawakili badala ya ushahidi. Uamuzi wa kubatilisha uchaguzi ulitolewa tarehe 1 Septemba, majaji 4 dhidi ya 2, ila sababu zake kamili zilisomwa tarehe 20, kwa hiyo kwa karibu wiki tatu watu walizozania uamuzi ambao sababu zake hawajazisoma. Naelewa kwamba Katiba iliwapa majaji siku 14 tu, na siwalaumu. Ninachotaka ni kwamba kila matangazo yaambatane na hoja za maandishi za pande zote, kama Mahakama ya Uingereza ilivyoziweka kwenye tovuti yake katika ile kesi ya 2019.

La pili ni kumbukumbu. Mahakama moja ninayoifuatilia huziondoa video zake bila taarifa, na mwaka jana nilipotaka kunukuu jibu moja la wakili wa serikali nilikuta kikao kizima hakipo; kilichobaki ni vipande vya sekunde chache vinavyosambazwa na mashabiki wa kila upande, swali likiwa limekatwa na jibu kuachwa likining'inia. Hilo halikubaliki hata kidogo. Kauli iliyotolewa mahakamani kwa niaba ya serikali ni mali ya umma, na mwananchi anapaswa kuikuta hata baada ya miaka kumi, serikali ile ile itakaporudi kudai kinyume chake.

Naipa huduma hii alama 4 kati ya 5 pale nyaraka zinapowekwa, na 2 pale zisipowekwa. Anayeanza atazame kikao chote kwanza, ajaribu kuandika mwenyewe angeamuaje na kwa sababu gani, ndipo aifungue hukumu.