iNaturalist baada ya miaka mitatu: kura yangu na kura ya mtaalamu

Nimeitumia iNaturalist kwa miaka mitatu sasa, nami si mwanabiolojia bali ni mpenzi wa wadudu tu. Programu hii, iliyoanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, humwezesha mtu yeyote kupakia picha ya kiumbe pamoja na tarehe na mahali alipokiona, kisha watumiaji wengine wakasaidia kukitambua.

Kinachonivutia, na ndicho hicho kinachonitia wasiwasi, ni kwamba kura ya anayejifunza ina uzito uleule wa kura ya aliyesomea wadudu maisha yake yote. Watu wasiopungua wawili wakiafikiana juu ya spishi, na wanaoafikiana wakizidi theluthi mbili ya waliotoa maoni, picha yenye maelezo kamili hupandishwa daraja la utafiti, na nyingi kati ya hizo hufikishwa GBIF, hazina ya kimataifa ambamo watafiti huchota data zao.

Mwaka wa kwanza nilipakia picha ya mdudu mwenye mistari ya njano na nyeusi, nikaandika kwamba ni nyuki wa asali. Baada ya dakika chache mtu mwingine aliniunga mkono, na picha ikapanda daraja. Siku kadhaa baadaye mtumiaji anayechunguza nzi aliniomba, kwa upole mkubwa, niikuze picha na kuhesabu mabawa: nyuki ana manne, huyu alikuwa na mawili, vipapasio vyake vilikuwa vifupi mno, na macho yake makubwa yalikutana utosini. Alikuwa nzi dume. Kwa kuwa kura mbili kwa moja hazizidi theluthi mbili, daraja liliondoka papo hapo, nami nikaifuta kauli yangu.

Tangu hapo nimeona kwamba hata mtaalamu wa mimea, akipakia picha ya buibui, huuliza kama ninavyouliza mimi. Naipendekeza programu hii kwa moyo wote, ila kitufe cha kukubaliana ni chepesi mno kubonyezwa. Siku hizi sikibonyezi kabla ya kuandika nilichokiona kwenye picha: idadi ya mabawa, urefu wa vipapasio, umbo la macho.