Sufuria za umeme za kupikia bia nyumbani: pima omu kabla hujatoa hela

Lalamiko linaloongoza kwenye simu yangu ni hili: "Dada, nimenunua sufuria ya wati 2,400, saa ya pili hii haijachemka." Wanaolalamika wengi wako Nzuguni, Mkonze na Ihumwa, hapa Dodoma, hasa waliojenga kule nguzo zinakoishia. Sufuria zao ni nzima. Wameuziwa wati za volti 240, na jioni, majirani wakiwasha pasi na majiko, soketi inatoa 190.

Kwa hiyo leo siongelei skrini, pampu wala kuunganisha sufuria na simu. Hayo muuzaji atakusimulia bila kuombwa.

Hita ni waya wenye ukinzani (unaopimwa kwa omu), basi. Volti zikipungua kidogo, wati zinapungua sana. Chukua 190, gawa kwa 240, jibu ulizidishe lenyewe: unapata 0.63. Wati zako 2,400 zimebaki 1,500. Lita 25 za maji ya kimea kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka zilitakiwa kuchukua dakika 52; sasa ni 82, na hapo sijahesabu joto linalotoroka pembeni. Huku kwetu, mita 1,100 na ushee juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo ukiona kipimo kimegoma kufika 100 usimpigie fundi.

Kusubiri si tatizo kubwa. Tatizo linakuja baada ya hapo. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kwa saa kunakula wati 630 hivi, mbali na joto linalopotea kwenye kuta za sufuria. Hita dhaifu inafikisha moto halafu inaishia kutokota kivivu. Kimea cheupe kinahitaji mchemko wa nguvu, sufuria ikiwa wazi, ili ile harufu ya mahindi ya kuchemsha iondoke na mvuke. Isipoondoka inakufuata hadi kwenye glasi, na hopsi, yale maua ya kuipa bia uchungu, haziifichi.

Nafasi ya kwanza naipa BrewZilla ya lita 35, na sioni haya kuipendelea. Toleo lake la tatu lina hita mbili, ya wati 500 na ya wati 1,900. Umeme ukiwa dhaifu unawasha zote. Ukipika kimea cha mtama unabaki na moja. Wapikaji wa mtama mnanielewa: wanga wake unahitaji joto kubwa kuliko wa shayiri ndipo ulainike, uji unakuwa mzito, unaganda chini, unaungua, kisha kinga ya joto inakata umeme katikati ya kazi. Ivishe blanketi kuukuu pembeni, mbali na swichi, utaokoa dakika kadhaa.

Ya pili ni Grainfather G30. Imetengenezwa vizuri, lakini ina wati 2,000. Kwa volti 190 unabaki na 1,250 hivi, na zile lita 25 zitakula saa moja na dakika 40. Anayekaa karibu na transfoma ainunue kwa amani. Braumeister ya Wajerumani ya lita 20 nayo ni wati 2,000, ila unapika lita pungufu kwa hiyo inahimili. Bei yake lakini! Kwa hela hiyo mtu ananunua pikipiki iliyotumika.

BrewZilla ya lita 65 ina wati 3,500. Plagi yetu ya ampea 13 inaishia karibu na wati 3,000, hivyo inataka laini yake kutoka kwenye breka. Ukiichomeka kwenye ekstensheni ya dukani, unaomba moto.

Boila za chai za sherehe na hita za kuchovya kwenye ndoo zinachemsha maji. Kimea kinaungulia humo.

Sasa wauzaji. Kuna mmoja Kariakoo ana boila zenye stika ya wati 3,000. Sufuria ya wati 3,000 kwa volti 240 inapaswa kusoma omu 19. Ya wati 2,400, omu 24. Niliweka mita ya fundi kwenye miguu ya plagi, swichi ikiwa imewashwa na plagi iko mkononi, ikasoma 36. Hizo ni wati 1,600. Akanijibu, "Dada yangu, mzigo ndio ulivyokuja." Bei nayo ilikuja hivyohivyo? Kwa sufuria zenye vidhibiti vya kidijitali mita inaweza isikuambie kitu, kwa hiyo mwombe muuzaji achemshe maji mbele yako. Lita zidisha nyuzi zilizopanda, zidisha 70, gawa kwa dakika: unapata wati zinazoingia kweli. Lita 20 zikipanda nyuzi 50 kwa dakika 29, ni 2,400. Akikataa kuwasha, beba hela yako.

Na wale mnaouziwa stabilaiza ya friji "ili sufuria ipate nguvu": hizo nyingi ni za VA (volti mara ampea) 1,000 au 2,000. Sufuria ya wati 2,400 inataka ya 5,000, na bei yake iulize kabla hujaagiza sufuria yenyewe.