Gogo bichi la mwembe: kulikausha kwanza au kulikereza bakuli sasa?

Mwembe ukikatwa hapa Tanga, usiliache gogo juani hata siku moja. Ncha zake hupoteza maji haraka kuliko ubavu, na nyufa huanzia hapo. Lipasue kwa urefu kupitia kiini, kiondoe kiini chenyewe, kisha paka ncha nta au rangi nzito ya mafuta. Hilo ni lazima, njia yoyote utakayoifuata.

Kukausha kipande kizima ndipo ukereze, yaani ukichonge kwa patasi kikizunguka kwenye mashine, kuna faida moja: kazi ni ya mara moja. Lakini kipande chenye unene wa sentimita 10 huchukua miaka, na katika joto na unyevu wa pwani mwembe huwahiwa na wadudu na kuvu. Nimetupa vipande vizuri kwa njia hii, na bado vinaniuma. Naiachia vipande vidogo vya vifuniko.

Mimi nakereza mbichi. Patasi huingia laini, maranda hutoka marefu, vumbi karibu hakuna. Acha ukuta wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo: bakuli la sentimita 30, ukuta wa sentimita 3. Litie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, kivulini, mbali na upepo wa bahari. Litapinda kama yai, maana mti husinyaa zaidi kufuata pete zake kuliko kuelekea kiini. Unene ule ndio utakaolirudishia duara. Lipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukikoma kushuka, lirudishe kwenye mashine ulikereze tena liwe duara.