Péguy wa skochi, dola tatu pale Kadutu

Bandugu, nimemaliza ile kitabu. Niliipata ku soko ya Kadutu, pale Bukavu, kwa papa mumoja mwenye anauzisha bitabu bya zamani chini, pembeni ya masufuria, aliomba dola tano nikamupa tatu, akasema chukua tu, iyo ya dini haitokake mbio. Ni Le Porche du mystère de la deuxième vertu (sawa kusema, Baraza ya fumbo ya fadila ya pili, njo matumaini) ya Charles Péguy, muandikaji Mufaransa, ilitoka 1911, shairi moja ndefu kitabu muzima.

Mujue haiko mahubiri. Mwenye kuongea mule ni Mungu mwenyewe, lakini anaongea sawa muzee mwenye ameketi ku mulango magaribi, neno moja anarudilia mara kumi mupaka unachoka, kisha mara ya kumi na moja inakupiga. Anasema imani haimushangaze, juu mutu akiangalia jua na nyota na samaki ataamini tu, mapendo nayo haimushangaze, mutu asipokuwa na moyo ya jiwe atasaidia mwenzake, kitu yenye inamushangaza ni matumaini: batu banaona namna mambo inaenda leo na bado banaamini kesho itakuwa muzuri. Nilisoma pale saa moja ya asubui, inje mama jirani anapanga nyanya ku kimeza, zile zile zilibakia jana, nikafunga kitabu kwanza.

Ku katekisimo tulikuwa tunaimba imani, matumaini, mapendo, ya katikati tunaipita mbio. Péguy anaifanya mutoto mwanamuke mudogo mwenye anatembea katikati ya badada bake bakubwa babili, batu bote banaangalia bakubwa, banafikiri njo banamukokota, kumbe ni yeye anabavuta. Tena anaenda anarudi njia moja mara makumi mbili sawa kambwa kadogo. Mwenye alishatuma mutoto chumvi ku duka anajua.

Teolojia yenyewe, kwa mimi, iko pale anashika Luka 15, kondoo, feza, mutoto mupotevu. Anasema mwenye zambi amemutia Mungu mu hali ya kungojea, Mungu naye analazimika kutumaini mutu. Padiri wetu sijamusikia akisema ivi!

Na Péguy haikuwa mutu wa sakristia. Alizaliwa Orléans 1873, mama yake alikuwa anatengeneza biti bya kukalia, alirudia imani akiwa mutu muzima lakini muke wake hakuamini, batoto habakubatizwa, yeye akabakia bila sakramenti, ku baraza ya kanisa kabisa. Alikufa ku vita, 5 Septemba 1914.

Mwenye anatafuta vina, aache. Kifaransa ni rahisi ila sentensi hazimalizikake. Kopi yangu inashikwa na skochi, na kule mwisho, pale Mungu anasifu Usiku juu ulikuja kufunika maziko ya Mwana wake, kurasa nne hakuna, nilifika pale na tochi ya telefone, umeme imekatika, nikakuta tu gundi. Siku ya posho, Jumamosi, narudia kwa yule papa, pengine zilibakia chini ya masufuria.