Deki za 4K: Ipi Ununue Kabla Hazijaisha Madukani

Tangu LG iache kutengeneza deki za Blu-ray (diski zilizokuja baada ya DVD) mwishoni mwa 2024, wasomaji wananiuliza kama bado kuna haja ya kununua deki ya 4K, yaani ya kuchezea diski za Ultra HD Blu-ray, zenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida. Haja ipo. Netflix wenyewe wanasema filamu ya 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa, na anayenunua bando anajua uchungu wake. Diski moja ya 4K inabeba hadi GB 100, na ukishailipia umemalizana nayo.

Lakini malalamiko ninayopokea yanafanana: ndugu kaleta deki kutoka Marekani, diski mpya ya 4K inacheza vizuri, halafu Blu-ray zilizonunuliwa Dubai na London zinakataa. Kwa hiyo habari za spika na ukubwa wa TV katafuteni kwingine. Mimi naanza na kufuli ya eneo, yaani deki kukubali tu diski za eneo lake la dunia, jambo ambalo muuzaji hakuambii.

Diski za 4K, zilizoingia sokoni 2016, hazina kufuli: ya Tokyo inacheza Tanga. Blu-ray za kawaida ndizo zimegawanywa. Marekani, Kanada na Japani ni A. Ulaya, Ghuba na Afrika ni B. China, India na Urusi ni C. DVD zina mgawanyo wake tena: Marekani 1, Ulaya na Ghuba 2, Afrika Mashariki 5. Deki ya 4K inacheza aina zote tatu za diski, na kufuli zote mbili za zamani zimo humo humo. Kinachoniuma ni kwamba HD DVD, diski ya Toshiba iliyoshindwa na Blu-ray Februari 2008, haikuwa na kufuli ya eneo kabisa. Walioshinda ndio waliotufungia, kisha wanashangaa watu kubaki na DVD zao. Bei inachangia, filamu za mtandaoni zinachangia, lakini nani atahamia mashine inayokataa nusu ya kabati lake?

Basi nunua deki ya eneo la diski ulizonazo, wala usifuate nchi yenye bei nafuu. Aliye Mombasa au Dar anafaa zaidi na deki ya Uingereza au Dubai. Ya Marekani, mbali na kufuli, nyingi ni za volti 120, na umeme wetu ni 230 hadi 240. Kama diski zako ni mchanganyiko, yapo maduka Uingereza na Marekani yanayouza deki zilizokwisha kufunguliwa maeneo yote. Bei inapanda, lakini ilipe.

Ya kwanza kwangu ni Panasonic DP-UB820, na sifichi kwamba Panasonic ndiyo naipenda. Inasoma Dolby Vision na HDR10+, mifumo miwili ya kupanga mwanga na rangi za picha, na kubadili yenyewe kulingana na diski. Kilichonivutia zaidi ni jinsi inavyopanga mwanga. Filamu nyingi zimetengenezwa kwa mwanga wa niti (kipimo cha mwangaza) 1,000, nyingine 4,000, na TV za bei ya kati hazifiki huko, ndipo mawingu na nyuso zinapogeuka weupe mtupu. Deki hii unaiambia una TV ya aina gani, nayo inapunguza makali ya mwanga kabla picha haijafika kwenye TV. Hilo ndilo linalowafaa wengi wetu, kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye kasha.

Ya pili ni ndugu yake, DP-UB450. Haina soketi za analogi za 7.1 (za kuunganisha sauti ya spika nane), lakini Dolby Vision inayo. Angalia namba vizuri, kwa sababu DP-UB420 haina.

Sony UBP-X700 naiweka ya tatu. Picha yake nzuri, ila Dolby Vision unaiwasha mwenyewe kwenye mipangilio na kuizima tena ukiweka diski isiyo nayo, na HDR10+ haina. Mwenye mashine ya michezo ya PS5 au Xbox Series X yenye tundu la diski anaweza kutulia nayo, ingawa hatapata Dolby Vision ya diski. PS4 Pro haisomi diski za 4K hata kidogo.

Deki za bei rahisi zilizoandikwa “4K Upscaling” ziache. Ni Blu-ray ya kawaida inayokuza picha.

Na hapa wauzaji wananikera kweli. Hiyo “4K” inaandikwa kubwa, “Upscaling” inaandikwa kama maandishi ya mchwa, na mteja wa Kariakoo au Luthuli Avenue analipa akiamini kapata kitu kipya. Mwambie muuzaji akuonyeshe nembo ya Ultra HD Blu-ray mbele ya deki yenyewe. Isipokuwepo, rudisha pesa mfukoni. Wa mitumba nao wanatafuta faida kwa uhaba: Oppo iliacha kutengeneza deki 2018, na deki zake zilizotumika bado zinaombewa bei ya kutisha, huku anayeziuza hawezi hata kukuambia zimefungwa eneo gani.