Tathmini yangu ya dripu ya infliksimabu kwa ugonjwa wa Crohn: nyota nne kati ya tano

Nawaandikia hasa wenye Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo unaoleta maumivu na kuharisha, walioshauriwa kuanza infliksimabu na bado wanasitasita. Nyota nne nazitoa kwa moyo mweupe, na ile niliyoibakiza nitaieleza.

Kabla ya infliksimabu nilitumia prednisoloni, steroidi ya kutuliza uvimbe, kisha azathioprini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Prednisoloni inafanya kazi upesi, na hapo ndipo inapomvuta mtu: maumivu yanatulia, hamu ya kula inarudi. Lakini uso unavimba, usingizi unapotea, na kwangu mimi kila dozi ilipopunguzwa ugonjwa ulirudi palepale. Azathioprini nayo ni ya polepole, miezi miwili mitatu au zaidi kabla hujaona chochote, huku ukipimwa damu mara kwa mara kuangalia ini na chembe nyeupe. Kilichonichosha kuliko maumivu ni kutojua. Kila asubuhi nalisikiliza tumbo, pale chini upande wa kulia, nikijiuliza kama hii ni nafuu ya dawa au ni siku nzuri tu imepita.

Infliksimabu ilikuja na ratiba. Dozi ya kwanza, ya pili baada ya wiki 2, ya tatu wiki ya 6, halafu kila wiki 8. Daktari aliniambia tangu mwanzo kwamba wiki ya 14 tutakaa tuamue kama inanifaa au tunabadilisha. Kusubiri nilisubiri vilevile, ila safari hii nilijua siku ya jibu, na hilo peke yake lilinirudishia nguvu.

Si dawa mpya. Marekani iliiidhinisha kwa Crohn mwaka 1998, kwa hiyo madaktari wana uzoefu nayo wa miaka mingi. Ni kingamwili inayoikamata TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe kwenye utumbo. TNF hiyohiyo ndiyo inayosaidia mwili kukizuia kifua kikuu kilicholala kisiamke. Ndiyo maana kwanza unapimwa TB na homa ya ini aina ya B. Tafadhali usikubali kuruka vipimo hivyo, hata kama una hamu kubwa ya kuanza.

Huduma yenyewe ilinipendeza. Dozi inapigiwa hesabu kwa uzito wako, na dawa ni unga unaochanganywa siku hiyohiyo. Muuguzi alikizungusha kichupa taratibu bila kukitikisa, kwa sababu kikitikiswa kinatoa povu. Dripu za mwanzo zinachukua saa 2 au zaidi, presha ikipimwa kila baada ya muda, kisha unakaa kidogo waone kama mwili umeipokea. Ukihisi kuwashwa, kifua kubana au baridi ya ghafla, sema papo hapo.

Wiki ya 14 ilipofika, kalprotektini kwenye choo, protini inayopanda utumbo ukiwa na uvimbe, ilikuwa imeshuka sana. Lakini mimi nilishajua kabla ya karatasi ya maabara: nilikuwa nimekaa mkutano mzima katikati ya ukumbi, mbali na mlango. Wenye ugonjwa huu mnanielewa.

Nyota ya tano? Baadaye nafuu ilianza kukatika siku za mwisho kabla ya dozi inayofuata, na nilihangaika bila kuelezwa sababu. Kumbe mwili unaweza kuiondoa dawa haraka, au ukaanza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kiwango cha dawa kilichobaki mwilini. Changu kilikuwa chini, tukasogeza dozi kutoka kila wiki 8 hadi kila wiki 6, na tumbo likatulia tena. Hilo lisingetosha, zipo dawa nyingine zinazopita njia tofauti, kama vedolizumabu na ustekinumabu.

Kwa hiyo nafuu ikianza kukatika, omba kipimo hicho kabla ya kukubali kwamba dawa imeshindwa. Damu yake inatolewa kabla dripu haijafunguliwa, basi mwambie muuguzi mapema.